Mgeni Aliyegombaniwa na Helena

Helena, mke wa Stefano katekista, alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Mkunga aliyempokea alisema kitoto kililia vizuri tu, mpaka kiliposikia kitoto cha nyumba ya pili kinalia kwa sauti kubwa zaidi. Hapo kikanyamaza, kikanuna. Wapo wasioamini, lakini hao hawakupata kukaa naye kijiji kimoja.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Kanisa la kigango, la miti na udongo, alilifagia yeye. Vitambaa vya altare alivifua yeye, vikawa vyeupe mpaka korongo wa mtoni wakaona haya. Padri alipokuja kutoka misheni kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, alikula kwa Helena na si kwa mtu mwingine. Mwanamke akithubutu kumletea padri ndizi mbivu, Helena alizipokea mlangoni kwa shukrani nyingi, kisha akawapa mbuzi.

Ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wakaiacha mikorosho yao, wakapangwa mistari bondeni, kati ya Mahurunga na Kitaya, nyumba inatazama nyumba. Helena akaangukia ubavuni mwa Mwaisha, mjane wa Kiislamu, mwanamke mnene aliyecheka hata alipojikwaa. Miaka hiyo ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya kumwondoa Mreno, na watu walivuka mto wakiwa na roho zao tu.

Asubuhi moja Helena alikuwa mtoni anafua vitambaa vya altare, maana Jumapili padri anakuja. Kwenye matete akatokea bikizee, ndonya yake ya mti kwenye mdomo wa juu, nguo zimelowa, miguu imevimba kama viazi vikuu. Akasalimu kwa Kimakonde, akasema anaitwa Filomena. Helena alimhurumia kwelikweli. Akamwambia akae kivulini, yeye Helena asuuze vitambaa viwili vilivyobaki, halafu atamchukua. Viwili vikazaa vinne, vinne vikataka kukamuliwa. Mara akapita Mwaisha, mtungi kichwani. Huyo hakuuliza jina wala dini. Akautua mtungi, akambeba bikizee mgongoni kama mtoto, akaenda zake.

Jumapili padri akahubiri habari za yule Msamaria aliyemwokota mtu njiani, watu wa hekalu wamekwisha kumpita. Akasema Msamaria wa kijiji hiki hajabatizwa, anaitwa Mwaisha, na waumini waende wakajifunze kwake. Helena akavitazama vitambaa vyake pale altareni, akaona vinamcheka. Wivu uliompanda siku ile, lau ungepikwa, ungewashibisha wapakizi wote wa korosho bandari ya Mtwara, na wake zao wangefungashiwa.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza," akamwambia mumewe walipokuwa wanarudi nyumbani.

Stefano alikuwa mtu mpole, aliyezoea kunyeshewa. "Kumwona si kumwokota, mama Josephu."

"Mkatoliki mwenzangu analala nyumba isiyo na hata msalaba ukutani. Na ukimfika huko umauti?"

Kumbe umauti haukuwa shida yake. Shida yake ilikuwa Pentekoste. Padri angerudi Pentekoste, na Helena aliapa kimoyomoyo kwamba siku hiyo Filomena atakuwa chini ya paa lake, ameketi mkekani kwake, padri amwone.

Basi vikaanza vita vingine. Vya ng'ambo vilipigwa kwa mizinga, hivi vilipigwa kwa vyungu. Helena akipeleka uji wa mtama, Mwaisha anapika wali wa nazi. Helena akitandika kitanda cha kamba, Mwaisha anaongeza godoro la sufi. Ndipo Helena akachinja jogoo, na hapo kijiji kizima kikajua kuna jambo. Kawaida Mkristo akitaka kuchinja humwita Mwislamu ashike kisu, ili jirani yeyote apate kula. Safari hii alichinja Stefano, nyuma ya nyumba, ili Mwaisha asipate hata kuonja mchuzi. Harufu ilipovuka ua, Mwaisha akacheka.

"Jirani," akasema, "jogoo wako kafa lakini bado anawika."

Filomena akawa analala huku, anaamkia kule. Alinenepa mpaka ndonya ikaonekana imepungua. Akishika ufagio, mmoja anamnyang'anya. Akiinuka kwenda kisimani, mwingine anapiga yowe kwamba wazee hawachoti maji. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kule bondeni mwenyeji ndiye aliyempa mgeni wake jembe, kwa mkono wake, mbele ya watu wa shamba. Akishalipokea, ugeni umekwisha. Ni mwanakijiji: ataitwa asubuhi kwenye shamba la ujamaa, atapata fungu lake la mpunga na kiwanja chake. Kwa hiyo si Helena wala Mwaisha aliyethubutu. Atakayetoa jembe amempoteza mgeni.

Mpunga ukaiva. Zamu ya kuamia ndege ikawafikia Helena na Mwaisha, na asubuhi hiyohiyo walikuwa uani wanavutana nani amwogeshe Filomena. Mmoja ana maji ya moto, mwingine ana kitenge kipya. Walipogeuka kumtafuta anayeogeshwa, hayupo. Wakatazama kwenye mashamba ya mpunga. Kweleakwelea walikuwa wengi mpaka jua linawaomba njia.

Walikimbia. Walipofika shambani, Filomena alikuwa juu ya dungu na kombeo mkononi, anavurumisha madonge ya udongo na kupiga kelele ambazo hata viboko wa Ruvuma walizikimbia chini ya maji. Ndege walikuwa wanaondoka kwa makundi. Chini ya dungu alisimama mzee Alawi, mwenyekiti wa kijiji, na watu wengine wa shamba. Alawi akawageukia wale wawili, akawakaripia mbele za watu: wavivu, wanyonyaji, wanataka kijiji kiishie kula matope. Wakainamisha vichwa. Filomena akashuka polepole, na Helena akadhani anakuja kuwatetea.

"Na mimi nikaripie," bikizee akamwambia Alawi.

Alawi akababaika. Akasema bibi ni mgeni wao, tena amewaokolea mpunga, atamkaripiaje?

"Nalishwa kama jogoo wa sikukuu," akasema Filomena. "Hawa wananipenda, naona. Lakini hapa watu wanaitwa kila asubuhi, mimi siitwi. Asiyeitwa hakosi. Asiyekosa hayupo. Ng'ambo nilikuwa na shamba langu, baba. Sikuvuka mto nije kuwa sadaka ya mtu."

Helena alihisi maneno yamemwingia kifuani kama mwiba wa samaki. Kumbe muda wote alimpenda huyu mama kama mtu anavyopenda kanga yake mpya: aivae, aonekane. Angeweza kulia pale pale. Lakini kwa pembe ya jicho akamwona Mwaisha ameshageuka, amekaza kitenge kiunoni, anaelekea nyumbani mbio, na akajua anakwenda kuchukua nini.

Hapo upendo wa jirani na wivu vikamshika Helena kila kimoja mguu mmoja, vikatimka naye. Kenge aliyekuwa njiani aliingia majini kwa hofu. Akampita Mwaisha kwenye mteremko, akaingia ndani, akatoka na jembe lake mwenyewe, lenye mpini alioulainisha kwa viganja vyake tangu akiwa mwari. Lakini alipofika mbele ya Filomena mkono ulisita. Akiliachia, Pentekoste hana mgeni, hana sifa, na mkekani hakai mtu. Filomena hakumhimiza. Alinyoosha tu viganja. Helena akaliachia.

Mwaisha akafika anahema, jembe begani, akaona yamekwisha, akakaa matopeni akacheka mpaka machozi. "Leo umenishinda, jirani." Helena alikuwa amengoja neno hilo tangu azaliwe.

Pentekoste ilipofika, Filomena alikuwa na kibanda chake, kuta amezikandika mwenyewe. Helena alimwita mzee Alawi, Mwislamu, amchinjie jogoo, kisha akapika, akafagia, akakaa mlangoni. Pikipiki ikaja, ikampita. Filomena alikuwa amesimama barabarani mapema, amemkaribisha padri kwake.

Helena akakitazama chungu. Akakiinua kwa matambara, akakipeleka kule, moyo unamwaka kuliko chungu. Filomena hakumshukuru.

"Umechelewa," akasema. "Padri hana maji ya kunawa. Shika mtungi, uende."

Helena akaenda. Njiani akakutana na Mwaisha anatoka porini na mzigo wa kuni, naye ametumwa, naye amekaripiwa. Kila mmoja aliutazama mzigo wa mwenziwe, akapima moyoni kati ya kuni na maji ni kipi mwenye nyumba anakihitaji zaidi, kisha Helena akaongeza mwendo.