Sikio la Benedikto

Wenzangu wakisikia harufu ya mafuta ya taa hukumbuka kibatari, au foleni ya duka la ushirika na madumu yaliyopangwa tangu alfajiri. Mie hukumbuka kanisa. Kila Jumamosi mchana, kwa miaka miwili na ushee, mama alitoka nyumbani kwetu Mwananyamala na chupa iliyozibwa kwa karatasi, akaingia kanisani kwa mlango wa pembeni, akachovya kitambaa na kuifuta sanamu moja taratibu, kuanzia kichwani. Harufu ile ilishinda ya mishumaa. Wanakwaya waliokuja mazoezini walikunja pua na kuulizana, kwa sauti ya makusudi, nani kamwaga mafuta humu. Mama aliendelea kufuta. Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa benchi la mbele na kuwachukia mmoja mmoja kwa zamu, kuanzia wa sauti ya kwanza. Sasa nina wajukuu, na hasira ile nilidhani imekwisha, mpaka juma lililopita nilipoletewa barua kutoka kanisa lilelile. Nimeisoma mara nne, na kila mara naona tunaonewa upya. Kwa hiyo nitasema yote.

Baba yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, aliyeingia Dar es Salaam akiwa kijana na tezo yake ndani ya kiroba. Banda lake la makuti lilikuwa nyuma ya nyumba, na vumbi la mpingo liliingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye nywele zetu. Nikipiga chafya darasani, leso ilitoka nyeusi. Mpingo, kwa asiyeujua, una sehemu mbili. Nje, chini ya gome, kuna tabaka jeupe, unene wake kama kidole gumba. Ndani ndiko kwenye moyo, mweusi, mgumu kiasi cha kung'oa meno ya msumeno. Weupe ule ni laini, na wadudu wa miti, bungua, wanaupenda; wakishaingia, baada ya miaka kadhaa hubaki unga mtupu. Moyo hawaugusi. Ndiyo maana mchongaji anayejua kazi huuondoa weupe wote. Ila baba alikuwa na desturi yake: aliuacha hadi siku za mwisho, kwa kuwa alisema unaukinga moyo usipasuke kwa jua. Desturi hiyo ya mtu makini ndiyo iliyotuponza.

Benedikto alikuwa mdogo wangu. Alikufa kwa surua masika ya mwaka nilipotimiza miaka tisa, akiwa na miezi minane. Hatukuwa na picha yake. Mama alikuwa amepanga tumpeleke studio Kariakoo siku ya Pasaka, gauni langu likawa limeshapigwa pasi na kutundikwa, na Pasaka ilipofika tulikuwa tumeshamzika. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kupiga chafya, mikunjo miwili juu ya pua, na sikio lake la kushoto lilijikunja kwa juu kama ukurasa uliowekewa alama. Baada ya mazishi mama alianza kusahau. Nikiwa naosha vyombo aliniuliza, "Tekla, hivi kidevu chake kilikuwaje?" nami nikawa sina uhakika, naye akalia kwa ajili ya kidevu. Baba alisikia yote kutoka bandani.

Wakati huo Padre wetu, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, alitangaza mkutano wa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kuhusu imani, ubunifu na sanaa. Alitaka kila mwenye kipaji katika parokia alete alichonacho. Mwalimu wa darasa la nne alitunga ngonjera ya Mamajusi, vijana walileta ngoma, akina mama wakadarizi vitambaa vya altare. Baba aliombwa achonge Bikira Maria na Mtoto. Padre alimwambia baba kwamba Bikira Maria ammalize nyumbani, lakini Mtoto amchonge palepale kwenye uwanja wa kanisa, watu waone jinsi kitu kinavyotoka kwenye mti. Baba aliifanya kazi ile miezi miwili. Bikira Maria alitoka mweusi, mrefu, ana kanga begani na chale shavuni kama za bibi zetu. Kifuani pake kulibaki kipande ambacho hakijaguswa, weupe wake ungali juu. Jioni moja baba alikichora kwa chaki, akamwita mama, akamwonyesha alama ya sikio. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za kidevu.

Mwenyekiti wa kamati ya parokia alikuwa Ndugu Gervas. Mchana alikuwa karani mjini, jioni balozi wetu wa nyumba kumi, na mtaani hakuna aliyeyasema maneno ya wakati ule vizuri kumzidi. Alitukusanya na kutuhubiria kuhusu kasumba ya kikoloni mpaka watoto tukasinzia. Aliwahi kumvua dada mmoja wigi hadharani, akisema Mwafrika ajivunie alivyo. Mtu huyohuyo, Jumamosi asubuhi, alisimama mbele ya baba pale uwanjani, mikono nyuma, akaangalia chaki, akaangalia ule weupe, akasema, "Mzee Damasi, umebahatika. Mti wenyewe umeshakupa rangi. Mtoto mchonge kwenye hii nyeupe." Baba alidhani anataniwa. Alimweleza kwa upole kwamba weupe huondolewa, huliwa na bungua, na Mtoto mahali pake ni kwenye moyo. Ndugu Gervas akajibu kwamba Mama kuwa mweusi haidhuru, lakini Mkombozi mweusi tii, waumini watasema tumepandisha kinyago altareni. Akaita kamati. Walikuwa saba. Walisimama kwenye kivuli cha ofisi wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kitumbua. Ikapita: Mtoto awe mweupe, au sanamu irudi ilikotoka.

Mpaka leo sielewi walichokuwa wakikipigia kura. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika patasi. Walikuwa wameitisha mkutano wa ubunifu, wakaweka mabenchi, wakapika maharage, na ubunifu wa kwanza uliojitokeza mbele yao wakaukalia kikao. Padre alisema maneno mengi mazuri ya kitabuni, kisha akaja akachuchumaa karibu na baba. "Mzee," alimwambia, "tukubali tu, kwa ajili ya umoja." Nilimheshimu Padre na bado namwombea, lakini neno hilo sijamsamehe. Umoja wa nani, na nani aliambiwa aumie ili uwepo? Baba alianza kukusanya vyombo vyake, tezo, tupa, patasi moja moja, akavitia kwenye gunia.

Mama alitoka jikoni pale parokiani, walikopika maharage, mikono ina majivu. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama mbele ya baba, hakuitazama kamati hata kidogo.

"Baba Tekla, mchonge."

"Ataliwa, mama Tekla. Hata miaka kumi hafikishi."

"Wa kaburini naye analiwa," mama alisema. "Huyu angalau nitamwona."

Baba akafungua gunia. Alichonga siku nzima na tena Jumapili asubuhi mpaka kengele ya kwanza, watu wamemzunguka na kustaajabu, kama Padre alivyotaka. Uso ulitoka kwenye weupe, na mikunjo miwili, na kidevu. Lakini kwa sikio tabaka halikutosha. Ili alikunje kama lilivyokuwa, ilibidi patasi iingie ndani zaidi, ikafika kwenye moyo. Mtoto mweupe akawa na sikio moja jeusi. Ndugu Gervas alilikodolea macho, ila watu walikuwa wameshaanza kuingia na hakukuwa na muda wa kikao kingine. Baada ya komunyo akapanda mbele, akahutubia muda mrefu juu ya fahari ya sanaa ya Kiafrika, na watu wakampigia makofi. Yeye. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, akijitoa vibanzi vidoleni. Misa ilipokwisha mama alikwenda mbele peke yake, akalishika lile sikio kwa vidole viwili, akabaki hivyo mpaka mtunza kanisa akaanza kufagia.

Baba aliwapa sharti moja tu: sanamu ifutwe kwa mafuta ya taa kila juma, kwa kuwa ndiyo huwafukuza bungua. Kamati ikaliandika kwenye daftari, na hakuna aliyeifuta sanamu. Ndipo mama alipoanza safari zake na chupa. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo nyumbani tulizima taa mapema ili Benedikto apate ya kwake, na nilifanya hesabu za shule kwa mwanga wa jiko. Mwaka wa tatu kamati ikaona kwamba harufu inakera waumini, na kwamba mama anaonekana kama mtu anayeabudu sanamu. Wakamkataza. Walimkataza mwanamke kumtunza mwanawe, kwa barua yenye mhuri. Mwaka huohuo tukahamia Chanika kulima.

Miaka ilipita, baba akaenda kwenye msiba upande ule, akaingia kanisani. Aliporudi aliniita nyuma ya nyumba akaniambia kuna unga mweupe umemwagikia kanga ya Bikira Maria. "Mama yako asijue," aliniambia. Alikuwa amekutana na Ndugu Gervas mlangoni, naye akamwambia mbele za watu, "Mzee, ulituletea mti mbovu." Baba, mtu aliyeweza kuujua mpingo kwa kuugonga tu kwa kucha, alimpa mkono akaaga. Hakuchonga tena kitu cha kanisa. Alikufa akichonga twiga wa kuuza, wote wamefanana, kazi ambayo zamani aliicheka. Mama magoti yalishaanza kumsumbua, na kila niliporudi kutoka mjini aliniuliza kama mtoto bado yupo. Nilimjibu yupo. Nimemjibu hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na uongo huo nao nawadai wao.

Sasa barua. Parokia inaandaa tena mkutano wa mwisho wa juma kuhusu imani, ubunifu na sanaa. Imeandikwa kwa kompyuta, ina picha ya njiwa. Wanamwalika "binti wa msanii" azungumze dakika kumi kuhusu urithi wetu. Halafu, chini, wanaeleza kwamba kutokana na ubovu wa mti uliotumika, kichwa cha Mtoto kitakatwa na fundi siku ya Jumamosi na kuwekewa kingine cha plasta, kwa idhini yangu. Ndugu Gervas amekufa zamani, lakini sentensi yake imezeekea kwenye faili lao na imenifikia ikiwa na afya njema. Wanajivunia siku hizi kwamba mambo ya kasumba yamekwisha. Kuta zao zimejaa michoro ya Wayesu weusi, imechapwa huko mbali na kuletwa na meli. Sanamu aliyoichonga jirani yao kwa mikono yake wanaitafutia msumeno.

Juzi nilikwenda kuiona kabla ya kujibu. Bikira Maria yuko vilevile, anang'aa, hana hata ufa. Mtoto hana uso. Hakuna pua, hakuna mikunjo, kidevu kimekwenda. Panapotakiwa kuwa na uso pana matundu na unga unaobaki kwenye kidole. Niliweka mkono upande wa kushoto bila kutazama, kwa woga. Sikio lipo. Jeusi, gumu, limejikunja kwa juu vilevile. Nilitoka pale nikapanda gari hadi Chanika, nikamkuta mama anamenya mihogo, nikamwambia kila kitu, kuanzia unga wa siku ile ya msiba. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kumenya. Alichouliza ni kimoja tu.

"Na sikio?"

Nilimwambia. Mama akaweka kisu chini, akanituma uvunguni nilete chupa.

Nimewajibu parokia leo. Nimewaambia idhini hawana, na dakika zao kumi wampe mtu mwingine. Jumamosi tutafika kabla ya fundi wao, mie na mama, tutaingia kwa mlango wa pembeni, na mwenye pua nyepesi akae nje.