Nyuki Mbele ya Boma

Kila nifunguapo chupa ya asali mbichi, shingo yangu hukakamaa.

Baba alikuwa amenipakia nyuma ya baiskeli, kando ya dumu la asali lililovuja, tulipofika mbele ya boma la Tabora na filimbi ya kushusha bendera ikalia. Alinishusha upesi, na wapita njia wote tukasimama wima. Nyuki akatua kwenye kope yangu, akaanza kutambaa.

"Usitikisike, mwanangu," baba alinong'ona. "Askari watatuweka ndani."

Bendera ilishuka polepole mno. Filimbi ya pili ilipolia, nyuki alikwisha kuniuma, nami sikuwa nimeinua mkono.

"Mbona binti analia?" askari aliuliza.

"Anaipenda nchi yake, afande," baba alijibu, huku akinipakia tena kwenye baiskeli.