Jumamosi za Nyangeta

Pale Iringo, mjini Musoma, kuna fundi cherehani ambaye mpaka leo anatumia pasi ya mkaa. Nikipita kibarazani kwake asubuhi, harufu ya kitambaa chenye unyevu kikikutana na chuma cha moto hunisimamisha. Hujifanya natazama vitenge. Kumbe naiona mikono ya baba yangu.

Baba alikuwa mlezi katika nyumba moja ya kanisa kule Bunda, miaka ile ya Ujamaa. Ilikuwa nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, ingawa siku hizo watu waliwaita kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Walikuwa tisa, wake kwa waume. Sisi, yaani baba, mama na mimi mtoto wao wa pekee, tulikaa vyumba viwili vya uani. Baba aliwapikia, akawafundisha kufua na kupalilia mchicha, na kila walipotaka kutoka aliwapigia pasi nguo zao. "Mtu akivaa nguo iliyonyooka," alisema, "watu humsalimia kwanza, ndipo wamshangae."

Wanaume wenzake walimcheka. Alikuwa ameacha shamba zuri la pamba kwa ajili ya kazi ile. "Baba Wegesa kaolewa na watu tisa!" walisema kilabuni, wakimwita kwa jina langu, naye alicheka nao, akamaliza pombe yake, akarudi kusonga ugali. Mimi sikucheka. Niwaambieni kweli, niliona aibu. Shuleni nilisema baba yangu ni karani wa ushirika.

Nyumbani palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: wale tisa niliwaamkia wote. Shikamoo, baba mdogo. Shikamoo, shangazi. Siku moja nilimwita mmoja wao kwa jina tupu, na baba akanituma nirudi mpaka getini, niingie upya kama mgeni, nianze na shikamoo. "Mtu mzima ni mtu mzima," alisema. "Akili ni kitu kingine, na hata wewe yako bado hatujaiona."

Niliyempenda kati ya wote ni Shangazi Nyangeta. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mfupi, mnene, mwenye kicheko cha ghafla. Alikuwa akificha chumvi. Hatukujua kwa nini, ila kila mara mama alipoikosa alimwendea Nyangeta kwa upole, naye aliitoa kifuani kwa fahari, kana kwamba ameiokoa. Aliwahi kumwambia mgeni mmoja mkubwa wa kanisa, mbele ya watu wote, "Wewe umenenepa," na mgeni akavuta koti kufunika tumbo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kila Jumamosi mama yake alikuja kutoka kijijini kwao, upande wa Butiama. Bibi yule alikuwa mwembamba kama ufito. Alishuka kwenye lori na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mama na binti walikaa ukutani wakitafuna bila kusema lolote. Kuanzia Jumatatu Nyangeta alikuwa akiuliza, "Mama anakujaga Jumamosi?" Nasi tukajibu, "Anakujaga." Akauliza tena. Tukajibu tena.

Siku ya Alhamisi moja, nikiwa na miaka kumi, kaka yake aliyeitwa Magesa alifika na baiskeli, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Nilikuwa nachambua mchicha mlangoni pa jiko, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama yangu amefariki usiku," alimwambia baba. "Tunazika kesho. Nimekuja kuwaambia ninyi tu. Yeye msimwambie."

Baba alimpa pole, akamvutia kigoda. Kisha akauliza, "Kwa nini tusimwambie?"

"Ndugu yangu, huyu haelewagi. Atakuja pale apige kelele, watu watuseme. Ikifika Jumamosi mwambieni mama amesafiri. Atasahau."

"Atasahau mama?"

Magesa akajipangusa vumbi magotini.

Wakati huohuo Nyangeta akatokea kisimani na ndoo kichwani. Magesa aliruka akajificha nyuma ya ukuta wa jiko, Nyangeta asimwone. Akaniuliza mimi, kama kawaida yake, "Mama anakujaga Jumamosi?"

Ningefanyaje? Nikasema, "Anakujaga, shangazi."

Alifurahi akaenda zake. Baba alinitazama. Hakunikaripia, na nadhani angenikaripia ningeona nafuu. Alisema tu, "Sasa umenipa kazi mbili." Kisha akamgeukia Magesa. "Mimi nitamwambia, na kesho nitamleta. Akipiga kelele, msibani ndipo mahali pa kelele."

Magesa alisimama kwa hasira. Alisema mama ni wake, msiba ni wa kwao, na mpishi wa Bunda hana amri juu yake.  Baba alimjazia upepo kwa pampu kwenye gurudumu la nyuma lililolegea, akamtakia safari njema.

Jioni, kabla jua halijazama, baba alikwenda kukaa pale ukutani, akamwita Nyangeta. Mimi akanikalisha upande wa pili. Nilitegemea aanze kuzungukazunguka kama watu wazima wote, kwamba bibi amelala, Mungu amempenda zaidi, amekwenda safari ndefu. Hakusema hata moja la hayo.

"Nyangeta," alisema, "mama yako amekufa."

Nyangeta akamwangalia mdomo wake.

"Hapumui. Haumwi. Hatakuja Jumamosi. Wegesa alikosea alipokwambia atakuja. Kesho tutakwenda kumzika, wewe na mimi."

"Jumamosi nyingine?"

"Jumamosi nyingine pia hatakuja. Amekufa."

Nilimchukia baba wakati ule. Nilitamani nizibe masikio ya shangazi. Niliona ni ukatili, kumpiga mtu asiyejua kujikinga. Nyangeta hakulia. Aliinuka, akaenda jikoni, akachukua chumvi akaificha. Baba alibaki pale ukutani mpaka aliporudi kukaa naye.

Asubuhi tulipata lori lililoleta pamba kwenye kinu cha Bunda na sasa lilikuwa linarudi tupu upande wa kwao. Dereva alikubali kutubeba, lakini alikuwa na haraka. Nyangeta alikuwa bado anafunga vifungo vya gauni lake, vifungo sita, na kila kimoja kilikuwa mlima. Dereva akapiga honi. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Mwache," baba alisema. "Ana mikono."

"Baba, lori litatuacha!"

"Basi litatuacha. Hataenda kumzika mama yake amevalishwa na mtoto."

Honi ikalia tena, ndefu. Baba alikwenda dirishani kwa dereva, akasema naye jambo ambalo sikulisikia, na injini ikazimwa. Tulisubiri. Cha sita kilipoingia, Nyangeta alijitazama toka juu hadi chini, akapanda nyuma ya lori akiwa ameshika mkono wangu. Tulisafiri tukipepesuka kati ya nyuzi za pamba zilizobaki kwenye mbao, zikatujaa nyweleni, tukafika weupe kama vikongwe.

Watu wa kwao walikuwa wamehamishwa mwaka uliotangulia, wakajengewa mstari wa nyumba kando ya barabara, kama vijiji vyote vipya vya wakati ule. Nyangeta hakuwahi kufika pale. Umati ulikuwa umejaa mbele ya nyumba ya Magesa, na tulipokaribia wanawake waligeuka wote kwa pamoja wakimtazama. Nyangeta akasimama.

"Hapa si kwetu," alisema kwa sauti.

Magesa alitoka. "Nilikwambia," alimwambia baba huku ameuma meno. "Nilikwambia huyu haelewi."

 Baba alimuuliza Nyangeta, "Kwenu ni wapi?"

Basi akageuka, akaingia katika njia nyembamba nyuma ya zile nyumba, nyasi zikiwa zimeanza kuifunika, na akaifuata bila kusita hata kwenye njiapanda. Baba na mimi tukamfuata. Tulitembea karibu nusu saa mpaka tukakuta ua wa minyaa na nyumba isiyo na paa. Vijana walikuwa ndani ya ua, wamejaa udongo, wanachimba kaburi. Bibi alikuwa ameomba azikwe kwenye mji wake, yaani boma lake la zamani, kando ya mumewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia Nyangeta hilo. Alikwenda kukaa juu ya jiwe la kusagia lililoachwa uani, akasema, "Hapa."

Mwili ulipoletwa, umati nyuma yake, baba alimwomba Magesa jambo moja tu: dada yake auone uso. Wazee walitazamana. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali, shuka ikafunuliwa. Nyangeta aligusa shavu la mama yake kwa kidole. "Baridi," alisema. Akashika mkono, akauachia, ukaanguka. Kisha akatugeukia sisi sote, zaidi ya watu mia, akatutangazia, "Mama amekufa."

Hapo ndipo wanawake walipolia. Magesa alikuwa bado amesimama wima kama mwenye msiba anavyotakiwa, anaelekeza nani ashike wapi. Nyangeta alimfuata, akamshika kiwiko.

"Mama yetu, Magesa," alisema.

Yule mwanamume alikaa chini kwenye udongo ule uliochimbwa, akaegemeza kichwa tumboni kwa dada yake, akalia kama mtoto. Nyangeta naye akalia. Alipiga kelele kweli, na hakuna aliyemsema.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka tangu siku ile. Magesa alikuja Bunda Jumamosi nne au tano na kikapu cha michembe, kisha akaacha, kisha mwaka wa pili akarudi tena. Na Nyangeta, kuanzia Jumatatu iliyofuata, aliuliza, "Mama anakujaga Jumamosi?"

Baba aliweka chini alichokuwa ameshika. "Hapana, Nyangeta. Mama yako amekufa. Tulimzika pamoja." Kila mara alijibu hivyo, kila mara aliacha kazi, na aliulizwa kwa miezi mingi. Mimi niliona hasara tupu. Nilijisemea kumbe Magesa alikuwa na haki, Nyangeta hakuelewa kitu, tulihangaika na lori na vifungo bure.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto nilipopigiwa simu kwamba baba anaumwa kidogo, nije. Mnajua simu hizo. Nikiwa ndani ya basi ndugu walizidi kunipigia, na kila mmoja alijua baba amekwisha kufa; mimi tu sikujua. Siku hizo nilikaa mbali; nilifika siku ya pili, nikamkuta amekwisha kuzikwa. Baada ya matanga nilibaki na mama, na jioni ya kwanza nikamuuliza ni nini baba alikula siku yake ya mwisho. Akanieleza. Kesho yake nikauliza tena. Nadhani nilimuuliza jambo lilelile mara ishirini, na si kwamba nilikuwa nimesahau jibu. Mama aliacha ungo, akanyoosha miguu, akanieleza tena, uji wa ulezi, nusu kikombe.