Nilitolewa kizazi, na mume wangu hakutia mguu wodini

Wakuu, hamjambo. Wazee, vijana, na nyinyi akina mama mnaosoma kimya kimya bila kuandika neno, leo nawaamkia wote.

Naandika nikiwa kitandani, mto nimeukumbatia tumboni, kwa sababu daktari amenikataza kila kazi isipokuwa ya kidole gumba. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Atakayeona ni hadithi apite tu. Sina nguvu ya kubishana, nikicheka au nikikasirika nyuzi zinavuta.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimezaliwa upande wa Kiritiri, kule Mbeere, nikaolewa Meru, Kianjai. Nauza ndengu na njahi, yale maharagwe meusi, sokoni. Niko na wasichana wawili, mkubwa anaitwa Kendi, kwa hivyo sokoni mimi ni Mama Kendi.

Na mimi ni mtu wa kusimama. Hata kanisani mahubiri yakiwa marefu natafuta sababu ya kutoka nje. Mtu kama mimi kuambiwa alale chali ni adhabu.

Shida ilianza na damu. Hedhi isiyojua kuisha. Nilikuwa nafunga leso mbili juu ya sketi nyeusi, na nikiinuka naangalia gunia nililokalia kabla mteja hajaliangalia. Kizunguzungu kikaanza. Kuenda kupimwa, fibroids, uvimbe wa kizazi, tena nyingi, na damu mwilini imeshuka vibaya.

Daktari alikuwa mama kijana mwenye haraka. Akasema dawa hazitasaidia tena, kizazi kitolewe.

Mume wangu, Baba Kendi, alikuwa ameketi kando yangu. Akaniangalia, akamwangalia daktari, akasema, "Fanyeni."

Basi. Neno moja.

Wakuu, hilo neno nililitafuna wiki mbili. Lilikuwa la huruma? La hasira? La mtu ambaye ameshapanga mambo yake? Baba Kendi si mtu wa maneno, ukimuuliza kama amependa chakula anakuonyesha sahani.

Halafu shangazi yake akaja kunijulia hali kabla sijalazwa. Akanywa chai yangu, akasema kama mtu anayeongea mambo ya mvua, "Mwanaume hana kijana, na sasa nyumba ya watoto inatolewa. Si itabidi aangalie kwingine?"

Alisema hivyo nikimwongezea chai. Na nikaongeza. Nikatabasamu pia, sijui kwa nini.

Lakini tangu hiyo siku sikutulia. Kisu sikukiogopa sana. Niliogopa kurudi nyumbani nikute mimi ni mgeni kwa nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya kulazwa Baba Kendi alinileta mwenyewe, amebeba karai, blanketi na thermos. Akanipangia vitu kwa kile kikabati cha kando ya kitanda, akaenda. Asubuhi iliyofuata mama yangu mzazi akaingia kutoka Kiritiri, kabla sijapelekwa theatre.

Na kuanzia hapo Baba Kendi sikumwona tena.

Nilipoamka baada ya oparesheni kitu cha kwanza ilikuwa kiu. Cha pili tumbo, linawaka kama kuna mtu ameniwekea jiko juu. Dripu mkononi, mpira wa mkojo huku chini, na mama yangu kwa kiti cha plastiki akinipangusa midomo na pamba.

"Baba Kendi ako wapi?"

"Atakuja," mama akasema.

Hakuja. Saa ya kuona wagonjwa ikifika wodi inajaa watu, ndizi, maziwa, maombi ya sauti kubwa. Kila mlango ukisukumwa nainua shingo. Si yeye. Nalala. Unasukumwa tena, nainua. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia nitatoka hapo nikiwa na ugonjwa wa shingo.

Baba Kendi alikuwa anapiga simu, huo ni ukweli niseme. Lakini mkono wangu ulikuwa na dripu, kwa hivyo simu alishika mama, na mama simu yake yote ni loudspeaker.

"Haloo. Mnaendeleaje huko?"

"Tunaendelea vizuri," mama anajibu.

"Haya. Mungu awasaidie."

Imekatika! Wakuu, hata tangazo la chifu lina mapenzi kuliko hapo.

Mama naye akaanza kununa. Hakunena chochote mbele yangu, lakini wakati wa maombi nilisikia akimwambia Mungu kwa Kimbeere kwamba kuna wanaume wamepewa mke mzuri na hawajui thamani yake. Alikuwa anamshtaki Baba Kendi mbinguni, na mimi nasema amina.

Hapa niwaambie kitu kidogo ambacho hakuna aliyeniambia mapema.

Ukifanyiwa hii oparesheni hutaulizwa kuhusu roho yako. Utaulizwa kama umejamba. Kila asubuhi nesi anapita, "Mama, umetoa hewa?" Kama bado, hakuna chakula, maana matumbo hayajaamka. Mama aliniletea uji mzito wa wimbi akanyang'anywa mlangoni. Jirani yangu alipofaulu kabla yangu, wodi nzima ilimpigia makofi, na mimi nikamwonea wivu wa ukweli.

Huyo jirani alikuwa Mama Zuhura, mama Mwislamu wa mtaa wa Majengo, mcheshi, naye alitolewa kizazi siku moja na mimi. Bwana yake ni mchinjaji, mzee wa kofia nyeupe. Alikuja bila kukosa na supu ya mifupa, anakaa, anamsimulia mke wake bei ya mbuzi mpaka wote wanasinzia. Nilikuwa nageukia ukuta nisiwaone. Ukigeuka na nyuzi tumboni inabidi ugeuke kwa awamu, kwanza magoti, halafu kiuno, halafu machozi.

Mpira ulipotolewa nesi akaniambia nianze kutembea, nisilale hapo kama gunia la mahindi damu igande. Mimi tena? Nikaamka nimejikunja, mama amenishika kwapa, nikaenda mpaka mlangoni na kurudi. Baada ya hapo hawakuweza kunizuia. Mama akisinzia naenda. Nesi akiandika naenda. Nilizunguka ile wodi mpaka wagonjwa wakalalamika ninawapa kizunguzungu. Haikuwa mazoezi, ni kwamba nikilala nawaza. Naona mke mwingine kwa jiko langu, mdogo, ana mimba.

Sasa siku moja, mama amesinzia kwa kiti, yule mzee mchinjaji alikuwa anaondoka na chombo chake cha supu. Akasimama miguuni pangu, kwa adabu, macho chini.

"Dada, samahani. Yule bwana wa Kianjai anayekaa pale nje kwenye benchi, ni wako?"

Nikamwambia mume wangu ni wa Kianjai, ndiyo, lakini hayuko nje, yuko kwake.

"Mwenye jaketi la kahawia? Mbona tunaonana kila nikija? Nikitoka ananishika mkono ananiuliza, yule wa kando ya mama watoto wako amekula? Ametembea? Jana nilimwambia umecheka, akashukuru kama nimempa ng'ombe."

Sikusubiri mtu anishike. Nilienda mpaka dirisha la mwisho la koridoo, nikashikilia nondo, nikaangalia chini.

Alikuwa hapo. Baba Kendi, na lile jaketi lake la kanisani, mfuko wa ndizi miguuni. Anaangalia mlango wa kuingilia jengo letu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Nikampigia, simu sikioni mwangu, bila loudspeaker.

"Kwa nini huingii?"

Akasema polepole, kama ananieleza kitu ambacho hata mtoto anajua, "Si mama yako ako hapo?"

Wakuu, nilikaa chini. Nilikaa chini kwa sakafu ya hospitali na nyuzi zangu zote.

Kwa wasiojua huku kwetu, hiyo inaitwa nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake. Kijana wa sasa anaweza kukumbatia mama ya bibi yake na kupiga naye picha. Baba Kendi si huyo. Tangu tuoane hajawahi kula mbele ya mama yangu. Wakikutana kwa mazishi wanasalimiana kwa mbali, kila mtu anaangalia nyasi zake. Mama naye hajawahi kulala kwetu, akija anarudi jioni.

Sasa fikiria mtu kama huyo aingie akute mama mkwe ameinama ananiosha, mimi nimevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Afadhali alale kwa benchi. Na kwa simu angesema nini, na sauti ya mama ndiyo ya kwanza kuisikia?

Kuuliza mama aende kando? Aibu. Kuniambia mimi nimwambie? Alidhani najua! Alidhani mama anajua yuko hapo na akichoka atampisha.

Nikarudi kwa kitanda nikamwambia mama. Alishika mdomo.

"Kwetu mkwe hutuma mtu," akasema. "Anatuma mtu anaambia, nimefika, ndio nimpishe. Nilingoja mtu. Nikaona hakuna mtu. Nikasema siwezi kuacha mtoto wangu peke yake na mume amemtupa."

Mnaona hapo? Yeye hakuondoka kwa sababu mume haji. Mume haji kwa sababu yeye hajaondoka. Wote wawili kwa heshima kubwa, na mimi katikati naisha.

Mama hakupoteza wakati. Akajifunika leso kichwani, akamwita yule mzee mchinjaji, aliyekuwa bado amesimama kwa kitanda cha mke wake, akamwambia kwa sauti ya mkutano, "Mwambie huyo mtu wa nje mimi nimeenda kununua sabuni." Akatokea mlango wa nyuma, ule wa jikoni.

Mama Zuhura alicheka akashika mshono, "Wallahi mnaniua nyinyi watu wa mlimani!"

Baba Kendi akaingia. Hakukalia kile kiti, leso ya mama ilikuwa imebaki juu yake. Alisimama. Akaniangalia miguu, mikono, uso, kama anahakikisha vyote viko.

"Umekonda," akasema.

Kuanzia hiyo siku, saa ya kuona wagonjwa ikikaribia mama anaenda kununua sabuni. Tulitoka hospitali na sabuni ya kufua nguo za kijiji.

Lakini wakuu, msifikirie nilitulia. Mtu anaweza kukaa kwa benchi kwa sababu ya heshima na bado akawa na mpango wa kutafuta kijana kwingine. Hilo swali la shangazi lilitoka na mimi hospitalini, likapanda gari, likaingia Kianjai.

Nyumbani mama hawezi kulala, mnajua sababu. Basi ni Baba Kendi aliyebaki na mimi. Anapika uji unashika kijiko kikasimama. Anawasuka wasichana, Kendi akaenda shule na mistari kama shamba la viazi. Ananimwagia maji nikioga, anaangalia pembeni kama ni mwili wa mtu mwingine. Majirani walimwona akianika nguo zangu za ndani wakapiga mluzi. Akaendelea kuanika.

Na mimi siwezi kutulia. Nikiinama kuokota kijiko, anatokea. Nikishika ufagio, anaunyang'anya, mwishowe akaenda kuuficha kwa zizi. Usiku nikikohoa naminya mto tumboni, yeye ameshaamka.

Juzi alikuwa anachagua ndengu, anatoa mawe, nyingine nzuri anazitupa nazo. Nilimwangalia nikashindwa kuvumilia. Nikauliza.

"Baba Kendi. Na ukitaka kijana?"

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Siku ile ukiwa theatre," akasema, "kuna jamaa tulikuwa tumeketi naye pale nje. Nesi akatoka, akamwita jina, akampatia nguo za bibi yake kwa mfuko. Nguo tu, mwenyewe hayuko tena."

Akatoa jiwe, akalitupa. Nilidhani amemaliza, kwake hayo ni mengi.

"Kila mlango ukifunguka, mimi naangalia mikono ya nesi. Siangalii uso. Naangalia kama amebeba nguo zako. Saa hiyo, Mama Kendi, nilikuwa na akili ya kuwaza kijana?"

Akarudi kwa ndengu zake.

Nililia, wakuu. Kulia na nyuzi ni kazi, unalia ukijishikilia. Lakini nililia vizuri, na huo usiku nililala mpaka asubuhi bila kugeuka.

Funzo langu ni dogo. Swali likikunyima usingizi, liulize kwa mdomo, mapema, hata kama unaogopa jibu. Mimi nilikaa wodini nikijijibu mwenyewe, na majibu yote yalikuwa uongo. Na nyinyi wanaume wa kimya kama wangu, heshima ni nzuri, lakini tumeni mtu aseme mmefika.

Sasa nipeni maoni. Akina mama mliopitia hii, mlianza kubeba mzigo lini, na hii hali ya kulia ovyo inaisha? Wanaume, nyinyi mngepita mbele ya mama mkwe ama mngebaki kwa benchi? Kejeli pia naruhusu, ila msinichekeshe sana.