Kifuniko Nilikifungua Mimi, Nikasema Kafungua Mwenzangu

Jana karani wa kinu chetu cha mafuta ya nazi alisema Haji hatolipwa fidia ya mkono wake, kwa kuwa kifuniko cha mashine alikifungua mwenyewe. Karani hakuyatunga. Yalitoka kwangu, yakamfikia.

Mimi ni fundi wa mashine, umri miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wanne, nakaa Ng'ambo. Jina langu lificheni. Haji nalo si jina lake.

Wanaolisha mashine hulipwa kwa gunia la mbata, yaani nazi kavu, si kwa siku. Kifuniko kina mdomo mwembamba na mbata hukwama pale. Kikiondolewa, mtu huzisukuma kwa mkono, kazi ikenda mbio. Tuliomba malipo ya siku, tajiri mwenye kinu akakataa. Basi Ramadhani hii, kila baada ya adhuhuri, wenzangu hao walinijia nikifungue, wapate kumaliza magunia yao kabla ya magharibi.

"Fundi, mvue buibui bibi huyo," Haji, mmoja wao, alinitania akiionesha mashine. "Nnataka kuwahi tambi za mke wangu."

"Akikuuma je?"

"Kizee hicho, kina meno gani!"

Tulicheka. Nikafungua nati kwa spana yangu, siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane nilikifungua tena, na mashine ikamkata Haji vidole vinne vya mkono wa kulia.

Msimamizi aliuliza nani kafungua. Haji alikuwa keshapelekwa hospitali. Nikajibu, "Mwenyewe."

Jana, karani aliposoma uamuzi wake, Haji alikuwa amesimama ubavuni mwangu na bandeji yake. Tulipotoka nje alinambia, "Sitokutaja, fundi. Wewe una wanne, mie nnaye mmoja."

Magharibi mkewe akatuletea bakuli la tambi, kama kila mwaka. Nilishindwa kulitia mkono. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Nikisema kweli, nitafukuzwa, na wenzangu walioniomba huenda wakafukuzwa pia. Nikinyamaza, Haji hapati kitu, na kesho mwengine ataingiza mkono palepale, maana malipo bado ni ya gunia.

Mzungu wa idara ya kazi anakuja kinuni Jumatatu ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, kuandika maelezo ya ajali ile. Wa kwanza kuitwa ni mimi. Ndugu wasomaji, nimwambie nini?