Vidole vya Bi Somoe

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nimekosea. Kumi na nane ni ule mwaka magari ya jeshi yalipokuja kubeba korosho zetu, na wakati ule bado nilikuwa na baiskeli yangu nyekundu. Hili ninalotaka kulisema lilianza mwaka uliofuata, tulipopanga foleni wote kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mabibo yakioza chini ya miti na nzi wamejaa hadi ndani ya chai. Baiskeli nilikuwa nimeshaiuza. Nakumbuka kwa sababu nilimpeleka Bi Somoe Newala mjini kwa baiskeli ya kuazima, na mnyororo ulichomoka mara mbili kabla hatujafika lami.

Bi Somoe Nachihangu ni jirani yangu. Kati ya nyumba yake na yangu upo ua wa mianzi tu, tena umelala. Anabangua korosho tangu aolewe, na mumewe alishafariki zamani. Mimi nilikuwa mpima mizani pale ghala la ushirika, nimezibeba korosho miaka ishirini na sita kwenye magunia, lakini kubangua siwezi. Nilijaribu siku moja, nikakaa wiki sishiki kijiko. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza kuliko maji ya moto. Wanawake hupaka majivu kwanza, kisha wanakaa chini wamenyoosha miguu, jiwe mbele, kipande cha nondo mkononi, wanagonga. Kokwa inatoka nzima, nyeupe. Majivu yanasaidia kidogo tu. Ukimtazama Bi Somoe gumba lake na kidole kinachofuata, ngozi imekuwa laini, inang'aa kama mgongo wa kijiko. Hana mistari.

Walikuwa wanawake kumi na mbili uani kwake. Alianza peke yake, akaongeza mmoja mmoja, akawafundisha. Akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, akatafuna kokwa tatu nne, akafumba macho.

"Mama, nitachukua kila mwezi," akasema. "Ila sinunui kwa mtu. Nanunua kwa kampuni. Niletee cheti."

"Cheti nakipatia wapi?"

"Siku hizi hamsafiri. Ni mtandaoni. Unakaa umekunja miguu, unabonyeza, kampuni inatoka."

Unabonyeza, kampuni inatoka. Neno hilo likiingia kichwani mwangu hata leo, natamani kumtafuta yule bwana. Si mbaya, alikuwa mtu wa adabu, alimsalimia kila mtu. Lakini natamani kumtafuta.

Basi tukaenda Newala mjini, steshenari kwa Komba. Komba ni Mngoni, mtani wangu, ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, na watu wa vijiji vyote wanaotaka kitu cha mtandaoni wanapitia kwake.

"Karibu, Mmakonde," akasema aliponiona. "Umekuja kusajili vinyago?"

"Nimekuja kukusajili wewe, maana kwenu Songea wamekukataa."

Tukacheka. Siku ile tulikuwa tunacheka. Bi Somoe alikuwa amevaa khanga mpya, na Bi Salima Nnunduma, anayechambua na kufunga pakiti, alikuwa amebeba ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kwenye mfuko kwa ajili ya njiani. Jina la kwanza walilotaka lilikuwa Umoja. Komba akabonyeza, akatikisa kichwa, lina mwenyewe. Wakasema Tumaini. Lina wenyewe. Amani, Upendo, Mshikamano, yote yana wenyewe.

"Hao watu walituachia nini?" Bi Somoe akauliza. "Waulize kama Njaa ipo."

Mwisho wakapata Kokwa Nyeupe. Mfumo ukakubali, na Bi Salima akapiga kigelegele mle ndani mpaka mteja aliyekuwa anapigwa picha ya pasipoti akafumba macho, picha ikarudiwa.

Halafu Komba akasema, "Sasa nipeni namba za vitambulisho vya taifa. Wanachama wa kampuni, angalau wawili."

Bi Salima alikuwa nayo. Yeye habangui, vidole vyake ni vizima. Wale wengine kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Mashine ya alama za vidole ilikuwa imewakataa wote, na walidhani ni bahati mbaya ya kila mtu peke yake. Siku ile pale kwa Komba ndipo tulipojua kuwa ni kitu kimoja.

Tulikwenda ofisi ya vitambulisho mara tatu. Mara ya tatu nilisimama na Bi Somoe dirishani mimi mwenyewe, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Kijana alikuwa amechoka, namhurumia sasa, wakati ule sikumhurumia.

"Futa mkono, bibi. Bonyeza. Bonyeza tena. Usikandamize."

Taa nyekundu.

"Pakaza limau," mtu wa nyuma akasema kwenye foleni.

"Limau linakausha, apake mafuta ya nazi," mwingine akasema.

Akapaka limau, akafuta, akapaka mafuta, akafuta. Nyekundu. Kijana akaegemea kiti, akasema, "Bibi, vidole vyako havipo."

"Havipo?" Bi Somoe akamnyooshea kidole mpaka karibu na pua yake. "Na hiki ninachokunyooshea ni nini, mwanangu, ndizi?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana naye akacheka. Mimi sikucheka.

"Namaanisha mfumo hauvioni," akasema. "Acha kubangua miezi mitatu, ngozi irudi, halafu uje."

"Miezi mitatu hiyo nile nini? Vidole hivyohivyo?"

Akaita anayefuata.

Sasa nifike pale penye kosa, na kosa lenyewe ni letu, nami nimo. Kwetu jambo la nyumba linasemewa na mjomba. Binti akiposwa, mjomba ndiye anayekaa na wageni na kutoa neno. Shamba likigombewa, mjomba ndiye anayesimama barazani. Lakini sijaona mjomba aliyesimama kisha akaondoka na binti au na shamba. Anasimama, anamaliza, anakwenda zake, kitu kinabaki kwa mama na watoto wa mama. Hivyo ndivyo tulivyokuta. Bi Somoe alikuwa na mdogo wake wa kiume, Dadi, mjomba wa watoto wake, fundi seremala Mtwara mjini, mwenye namba, mwenye vidole kumi vinavyoonekana na mashine. Akaitwa. Akaja na basi la asubuhi, akasikiliza, akasema, "Dada, mimi nitasimama. Hilo tu? Ningejua ni hilo ningekuja jana."

Tukarudi kwa Komba. Akaandika, akaandika, akafika mahali akasimamisha mkono.

"Hisa," akasema. "Ziko mia. Nani anachukua ngapi?"

"Mpe mjomba," Bi Somoe akasema. "Salima mwekee moja, maana umesema lazima wawe wawili."

"Mjomba tisini na tisa?"

"Mjomba hasimami kwa robo."

Komba akaivua miwani. "Mama, sikiliza. Hapa siandiki nani anasimama. Naandika nani mwenye mali."

Nitasema nilichosema, kwa sababu nisipokisema mimi hakuna atakayekisema. Nilisema, "Andika bwana, Mngoni, unatuchelewesha. Wewe mila zetu unazijua wapi?"

Akaandika.

Cheti kilikuja baada ya siku tisa. Komba akakitoa kwa rangi, akakitia plastiki, na wanawake kumi na mbili wakakishika mmoja baada ya mwingine kwa ncha za vidole kama wanashika mtoto wa jana. Misimu miwili mambo yalikwenda vizuri. Pakiti zilikuwa na jina. Bi Somoe aliezeka bati upande mmoja wa nyumba, upande wa pili akasema atasubiri msimu wa tatu. Dadi alikuja mara chache, hakuuliza chochote, akaondoka kila mara na kikombe kimoja cha kokwa zilizovunjika za kunywea chai. Wala sitaki mtu amseme vibaya Dadi. Alisimama kama alivyoahidi.

Akafa. Presha, ghafla, akiwa anapiga randa mbao. Tulimzika Jumatano na mvua.

Baada ya arobaini, mtoto wake mkubwa, Shahame, akaja. Mtu mzima huyu, ana miaka arobaini kasoro, anafanya kazi bandarini. Alikuja amevaa kanzu, na bahasha. Akamwamkia Bi Somoe kwa magoti. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba alipiga magoti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mama yako amepata nafuu?"

"Anaendelea. Shangazi, mahakama imenipa usimamizi wa mirathi. Nimekuja kwa ile kampuni ya baba."

 Nondo zote kumi na moja zilisimama hewani. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua, nikaja mbio na kandambili moja.

"Kampuni ya nani?" Bi Somoe akauliza.

"Ya marehemu baba. Hisa tisini na tisa. Iko hapa."

"Baba yako alisimama tu, Shahame. Mjomba anasimama. Wewe si mgeni hapa, unajua."

"Najua shangazi. Lakini hapa hawakuandika kusimama. Wameandika hisa." Akageuza karatasi ili aione, na Bi Somoe hajui kusoma, naye Shahame anajua hajui. "Sisi watoto wa baba tunakula wapi? Kwa mila zenu kila kitu ni cha shangazi na watoto wa shangazi. Kwa sheria na sisi tupo. Mtaendelea kubangua, sijawafukuza. Nitawalipa kwa kilo."

Nikamwambia, "Wewe, hata kikaango cha kukaangia korosho hujui kinatobolewa wapi mafuta ya ganda yatoke!"

"Mzee Ntauka, hili ni la familia."

"Familia ipi? Korosho moja umewahi kubangua? Moja!"

"Mzee, punguza sauti."

Nilipunguza. Miaka yote hii najiuliza kwa nini nilipunguza. Nilikuwa na gongo la ua mkononi, la mwanzi, lilikuwa bovu lakini lingetosha. Na huyu bwana hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutua. Alikuwa na karatasi, karatasi ilikuwa ya kweli, na aliyeagiza iandikwe vile nilikuwa mimi, siku ile kwa Komba, nikiona baiskeli ya watu inachelewa kurudishwa.

Bi Salima alijaribu. Akasema yeye ana hisa moja, naye ana neno. Shahame akamjibu kwa upole kwamba moja haizidi tisini na tisa. Hilo hata aliyeishia darasa la nne kama mimi anaweza kulijua.

Bi Somoe hakulia. Aliingia ndani, akatoka na cheti chenye plastiki na mhuri wa kampuni, amevifunga kwenye khanga ile ya siku ya Newala. Akampa. Halafu akaokota nondo yake, akaifuta majivu, akampa nayo.

"Chukua na hii," akasema. "Hiyo ndiyo kampuni. Hizo nyingine ni karatasi."

Shahame akaiacha nondo juu ya kiti. Akaondoka na khanga.

Hakuna mwanamke aliyekwenda kumbangulia kwa kilo. Wametawanyika. Bi Somoe anabangua zake kidogo, anauza kwa kikombe pale njia panda, pakiti haina jina. Upande wa pili wa nyumba bado ni nyasi. Na Kokwa Nyeupe ipo, msidhani imekufa. Shahame anazichukua zilizobanguliwa kwa mashine huko mjini, anazitia kwenye pakiti zenye jina hilo. Nilinunua moja. Zimepondeka pembeni. Nilizimwagia kuku.

Mwaka juzi wakaja maofisa Newala kutufundisha wananchi kurasimisha biashara. Ukumbi ulijaa. Nilikwenda kwa miguu, Bi Somoe alikataa kuja, akasema ana korosho motoni. Dada mmoja mwenye sauti nzuri alituonyesha kwenye ukuta jinsi ilivyo rahisi, unabonyeza hapa, unabonyeza pale. Juu ya meza yao walikuwa wamepanga bidhaa za kampuni ndogo zilizofanikiwa mkoani kwetu, asali, sabuni, unga wa muhogo. Na pakiti moja ya Kokwa Nyeupe. Ya zamani. Niliijua kwa fundo la Bi Salima, yeye hufunga uzi mara mbili kwa ndani. Ilikuwa ya uani kwetu ile. Sijui waliitoa wapi, imekaa kabatini mwa nani muda wote huo.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama.  Nikawaeleza habari ya mashine na taa nyekundu, nikawaambia mwanamke huyo yuko hai, anakaanga korosho saa hii, na kwenye mfumo wenu hayupo. Halafu nikauliza. Dada akaandika kwenye daftari, akasema, "Ahsante mzee, swali zuri sana, tutalijibu mwishoni." Mwishoni ziligawiwa soda. Nilimfuata mpaka kwenye gari, akasema atalipeleka makao makuu. Nimemuuliza Komba, naye anafuta miwani. Nimemuuliza kijana wa dirishani, sasa amepandishwa cheo, anakaa chumba cha ndani. Nilimuuliza hata Shahame msibani kwa mtu, akatazama saa.

Niliwauliza hivi: kama yule mama hana vidole, korosho za kwenye pakiti hiyo mliyoiweka mezani zilibanguliwa na nani?