Karani Aliyewaokoa Waliozaliwa Zamani

Boina Saïndou aliajiriwa kuwa karani wa vizazi na vifo mjini Mutsamudu tarehe 2 Mei 1974. Barua ya ajira, yenye sahihi ya ofisa wa Kifaransa, imetiwa fremu na kutundikwa sebuleni. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mgeni aliyeitazama mara mbili. Agosti 1997 viongozi wa Anjouan, kisiwa ulipo mji huo, wakatangaza kwamba kimejitenga na serikali ya Komoro iliyoko Moroni na kinaomba kurudi Ufaransa. Tangu hapo wageni huvaa miwani kuisoma.

Ufaransa haikukitaka kisiwa, lakini jibu hilo halikumkatisha tamaa mtu yeyote. Ulienea uvumi kwamba aliyezaliwa kabla ya uhuru wa Julai 1975, chini ya bendera ya Wafaransa, atahesabiwa Mfaransa. Basi kila asubuhi watu walijipanga mbele ya ofisi ya Boina wakitaka nakala za vyeti vyao. Boina aliyapenda madaftari ya zamani, yaliyojalidiwa kwa ngozi, na alipenda kuombwa. Wengi aliwaambia waje kesho.

Nouria, binti yake wa miaka kumi na minane, alikuwa akisoma Moroni na kukaa kwa mama yake mdogo, Bahia, mtaa wa Badjanani. Alipiga simu Februari, siku moja laini ilipokubali. Alihitaji nakala ya cheti chake ili ajiandikishe kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, kabla ya tarehe thelathini Aprili. Daftari la mwaka 1980, lenye jina lake, lilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti cha baba yake.

“Nitaiandika kesho,” Boina alisema.

Jumanne moja ya Machi 1998 mvua ilinyesha kijijini Patsy, mlimani juu ya mji, tangu alfajiri, na ilipofika saa tatu mto wa Mutsamudu ulikuwa mjini. Ulishuka na magodoro, madumu, mafenesi na jokofu lililofunguka mlango. Maji yalipoingia ofisini, foleni haikukimbia, ila iliingia pamoja nayo.

“Bwana Boina, achana na meza!” alipiga kelele Fakri, mpakua mizigo wa bandarini, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari. “Daftari la hamsini na sita liko wapi?”

“Liko mahali pake.”

“Litoe basi, mimi nimo humo!”

Boina alisimama juu ya kiti akatoa amri. Wataanza na daftari la zamani kabisa, mwaka kwa mwaka, kwa sababu ndivyo ofisi inavyohamishwa. Watu wakapangana kwenye ngazi hadi juu ya paa la jirani, wakipokezana madaftari chini ya turubai.

“Shika vizuri, umembeba mama yangu huyo.”

“Mama yako mzito.”

“Alikula vizuri, wakati wa Wafaransa.”

Daftari la 1975 lilizua ubishi, maana nusu yake ilikuwa Ufaransa na nusu yake Komoro. Mwishowe walilibeba. Lilipofika juu, Fakri alijipangusa mikono, akamshukuru karani kwa niaba ya wote, akaenda kuangalia godoro lake. Wengine wakamfuata. Waliozaliwa baada ya hapo, ambao majina yao yalikuwa kwenye rafu ya chini, walikuwa darajani wakilitazama jokofu.

Boina alibaki peke yake, maji kiunoni. Alipandisha 1976, akarudi. Alipandisha 1977, akarudi. Angeweza kuiruka miaka miwili. Aliliona daftari la 1980, aliliona limeanza kuvimba, na mikono yake ikachukua 1978. Alikuwa kwenye ngazi, amebeba 1979, rafu ilipoanguka.

Daftari la 1980 lilipatikana Alhamisi, limenasa nyuma ya mlango. Mkewe, Mounia, alitoa mikeka ya kukaushia karafuu, iliyokuwa imekunjwa ikingoja msimu, na wakaanika kurasa moja moja. Watoto wengi wa 1980 walisomeka. Katika mstari wa Nouria wino ulikuwa umeyeyuka na kuwa ukungu wa zambarau, jina na siku havionekani. Neno moja tu lilibaki safi, kazi ya baba: karani.

“Umewaokoa wote wanaotaka kwenda Paris,” alisema Mounia, “ukamzamisha wako anayetaka kwenda darasani.”

Simu ilipokubali tena, Nouria hakupiga kelele.

“Uliniambia kesho, Baba.”

“Niliwaambia wote kesho.”

“Mimi ni wote?”

Boina aliijua sheria kuliko mahakimu. Mstari ukipotea, hakimu huandika mwingine kwa kiapo cha mashahidi wawili waliokuwepo mtoto alipozaliwa, wasiokuwa wazazi. Hukumu ya Mutsamudu isingekubaliwa Moroni, kwa hiyo ilibidi kuapa huko huko. Shahidi mmoja alikuwepo tayari, Bahia, aliyeshika taa siku hiyo. Wa pili alikuwa mkunga, Nadjati, ambaye mji mzima humwita Koko, yaani bibi. Anakaa Patsy, na juu ya mlango wake inapepea bendera ya Ufaransa, kubwa kuliko mlango.

Boina alipanda kwa miguu. Koko Nadjati alikuwa akimenya ndizi na hakusimama.

“Umenitafuta mara tatu kwenye madaftari yako, hukuniona,” alisema. “Leo ni wewe unayetafuta mtu.”

“Wazazi wako hawakukuandikisha, Koko.”

“Niandike wewe.”

“Siwezi.”

“Kalamu unayo.”

“Ninayo. Siwezi.”

Bibi alimenya ndizi nyingine. “Na huko Moroni hakimu ataniuliza uraia. Nimeshasema kwenye maandamano kwamba mimi Mfaransa.”

“Wafaransa wenyewe hawajaambiwa, Koko.”

“Wataambiwa.”

“Hakimu akikuuliza, sema mkunga.”

Alicheka, akaficha mdomo kwa shiromani, nguo aliyojitanda. Kisha akauliza yule mtoto aliyetoka miguu kwanza anataka kusoma nini. Udaktari, Boina alisema. Bibi aliweka kisu chini, akataka kujua kama atalipiwa nauli ya kurudi pia, maana hatalala Moroni zaidi ya usiku mmoja.

Mkuu wake wa kazi alisikia habari kabla Boina hajafika nyumbani. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtumishi wa Anjouan anayekwenda kusimama mbele ya hakimu wa Moroni anaitambua Moroni, na kwamba akivuka asirudi mezani. Boina aliomba apewe nafasi ya kumaliza kukausha daftari la mwaka 1981, lililolowa pia. Alipewa siku mbili.

Meli ya mizigo ya kwenda Moroni inaondoka Jumamosi. Boina na Koko Nadjati watavuka nayo, Jumatatu bibi ataapa, na siku hiyo hiyo mtu mwingine atakalia kiti cha karani Mutsamudu.